Mashine ya Miaka Kumi

Mabatini, Mwanza
12 Januari 2025

Mwanangu Winnie,

Salamu kutoka kwetu sisi wazee wawili wa mlimani. Mama yako Evelina presha yake imetulia tangu apunguze chumvi, ingawa ananuna kila akikaa mezani. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha kila asubuhi kwamba bado ninayo. Na wewe je, huko Dubai unakula? Mara ya mwisho kwenye simu sauti yako ilikuwa ya mtu aliyesimama kutwa nzima.

Uliniuliza nataka kompyuta ya namna gani, ukasema nikujibu kwa kurekodi sauti. Mimi hizo za kuongea na simu peke yangu siziwezi. Jambo la kufikiri huandikwa, ndiyo maana nakuandikia barua pepe.

Hii niliyonayo unaijua, ile nyeusi niliyostaafu nayo. Pamoja na chaja ina karibu kilo nne, na chaja siwezi kuiacha kwa sababu betri inakaa dakika ishirini tu. Huwa naomba umeme kwenye nyumba za watu, waya unapitishwa dirishani, mwenye nyumba anasimama kuulinda usikanyagwe na mbuzi. Si kazi ya heshima sana kwa mpima ardhi wa miaka sitini na sita.

Kazi yenyewe ni ileile ya urasimishaji, kuwapimia watu viwanja vyao wapate hati. Nyumba za huku zimekaa katikati ya mawe, gari haifiki, pikipiki inafika nusu. Tukishapima kiwanja, majirani wanasimama kila mmoja kwenye kona yake ameweka mkono juu ya jiwe la mpaka wake, nami nawafungulia mchoro palepale waone na kutia sahihi kabla hawajatawanyika. Ukiwaambia utaleta kesho, kesho mtu ameshaongea na shemeji yake na jiwe limehama.

Kwa hiyo nahitaji iwe nyepesi kwa ajili ya magoti, iwe na skrini kubwa kwa ajili ya macho, na iwe na matundu ya kuchomeka kifaa changu cha kupimia. Najua hayo matatu hayapendi kukaa pamoja. Chagua wewe, ndiyo kazi yako.

Nilikuwa nimefikiria labda mwaka huu, katikati hivi, nikabidhi mitaa iliyobaki kwa mwingine. Lakini hayo tuyaache, tutaongea siku nyingine.

Baba yako


Dubai
2 Februari 2025

Shikamoo baba, na shikamoo ya mama naomba uifikishe yenyewe, usiimeze njiani kama kawaida yako.

Mimi mzima. Miguu tu, saa kumi kwa siku juu ya marumaru, na haturuhusiwi hata kuegemea kaunta. Chumbani bado tuko sita, ila nimepata kitanda cha chini, na hapa hiyo ni kama kupandishwa cheo.

Nimezilinganisha mashine mbili kwa wiki tatu, tena kwa makini kuliko ninavyofanya kwa mteja. Ya kwanza ni pana, ya plastiki nyeusi, ina matundu kila upande, skrini kubwa isiyong'aa. Inauzwa kwa watu wa maofisi, wanaichukua bila kuitazama mara mbili. Ya pili ni nyembamba, imechongwa kutoka kipande kimoja cha alumini, haifiki kilo moja na robo. Haina feni, kwa hiyo haitoi hata mlio. Ukiifungua inainuka kwa kidole kimoja, na skrini yake ni ndogo lakini inang'aa mpaka wateja wanashusha pumzi. Matundu ni mawili, madogo.

Kila siku watu wananiuliza wachague uzuri au urahisi wa kazi. Huwa nawaambia kitu kizuri utakishika kwa furaha, na ukikishika kwa furaha utafanya kazi zaidi. Lakini wewe si mteja, kwa hiyo nilifanya jaribio. Juzi lifti ya jengo letu iliharibika. Nikatia kilo nne za mchele kwenye begi, nikapanda hadi ghorofa ya saba. Nilipumzika mara tatu, na mimi nina miaka thelathini na moja. Nikashuka, nikapunguza mchele ukabaki kilo moja na kidogo, nikapanda tena. Nilifika naimba. Wenzangu chumbani walidhani nimechanganyikiwa.

Basi nimechukua hiyo nyembamba. Matundu nimeyatatua kwa adapta, nimeiweka ndani ya boksi. Maandishi utayakuza. Na ni imara, baba, hii utafanyia kazi miaka kumi bila wasiwasi wowote.

Dada Maulida wa Nyakato anakuja mwisho wa mwezi kufungasha nguo zake za dukani. Nitampa aibebe mkononi, asiitie kwenye mzigo.

Mwanao,
Winnie


Mabatini
9 Machi 2025

Mwanangu,

Sisi ni wazima, na nyumba imejaa wageni kwa sababu yako. Maulida aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, ameikumbatia, akakataa hata kukaa kabla hajaikabidhi.

Winnie, sijawahi kumiliki kitu kizuri namna hii. Niliipitishia kidole pembeni nikatafuta ilipounganishwa, sikuona. Kwa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akitafuta mistari, hilo ni jambo. Mama yako hakungoja. Siku ya pili jioni alikuwa ameshaifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni, kama vile vya redio na friji, kwa kipimo chake kabisa. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mama Malimi, aliishika kwa mikono miwili akauliza kama ni ya kufunguliwa au ya kutazamwa tu. Tulicheka sana.

Umesema miaka kumi. Nimepiga hesabu, nitakuwa na sabini na sita. Haya, tutaona.

Mungu akuzidishie. Punguza kusimama kama wanaruhusu.

Baba yako


Dubai
6 Aprili 2025

Shikamoo baba. Poleni na mvua, nimeona picha za maji yakishuka mlimani.

Samahani kwa ukimya. Ilikuwa Ramadhani, halafu sikukuu, na kipindi hicho duka linafungwa karibu na daku. Vidole vya miguu vimekufa ganzi, nikivua viatu sivihisi. Lakini nikuambie kinachonisaidia. Nikiwa nimesimama pale kwenye meza ya zile nyembamba, nakuwaza saa hizi uko juu ya jiwe na begi jepesi mgongoni. Basi siku inasogea.

Nieleze, inapanda mlima vizuri? Adapta inakubali kifaa chako? Majirani wanasemaje wakiona mipaka yao kwenye skrini ile?

Mwanao,
Winnie


Mabatini
18 Mei 2025

Mwanangu Winnie,

Hatujambo. Mama yako alipata mafua, yamepita.

Mashine iko salama kabisa. Haina hata mkwaruzo mmoja, mama yako ni shahidi. Adapta ipo.

Mvua zimechelewa kuisha na mawe yanateleza. Tumebakiza mitaa miwili ya juu, kule ambako ukisimama unaona ziwa lote na kivuko kikielekea Kamanga. Tunapanda taratibu. Nikifika juu nakaa kwanza, nasema nasubiri majirani wakusanyike.

Loweka miguu kwenye maji ya chumvi. Chumvi aliyoacha mama yako itakutosha.

Baba yako


Mabatini
21 Julai 2025

Mwanangu,

Utaona nimeandika kwa mkono. Mama yako ataipiga picha barua hii mezani hapa na kukutumia. Soma mpaka mwisho kabla hujapiga simu.

Jumatano niliteleza nikishuka kutoka mtaa wa juu. Jiwe lenyewe nimelikanyaga miaka thelathini. Nilipotaka kujizuia begi likanivuta upande wake, nikaenda nalo. Wamenipiga picha hospitalini, mbavu mbili zina ufa na kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Plasta wiki sita. Nyonga ni nzima, na kwa umri wangu daktari alinipongeza kana kwamba nimefaulu mtihani.

Kompyuta imevunjika, haifai tena. Usihangaike kutuma nyingine. Nasema hivyo kwa dhati, usitume.

Mkono wa kuandikia ni mzima kama unavyoona. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako


Dubai
22 Julai 2025

Shikamoo baba. Pole sana. Nimeisoma stoo nimesimama, nikaisoma tena bafuni, na nimeongea na mama, kwa hiyo najua unakula na unalala. Sasa naomba uniruhusu nikuulize kama mtu mzima.

Begi lilikuvutaje? Kilo moja na robo haimwangushi mtu. Mimi niliipandisha ghorofa saba.

Nimeikuza ile picha ya barua. Mama hakuangalia nini kimeingia pembeni. Nyuma ya karatasi yako kuna kabati la vioo. Naona glasi za wageni, naona sahani zenye maua ambazo tangu nizaliwe sijawahi kuzilia, naona picha yangu ya mahafali. Na katikati yake, imesimamishwa, kuna kitu chembamba kimevaa kitambaa cheupe cha kufuma.

Kwa hiyo iliyovunjika ni ile nyeusi ya zamani. Miezi mitano umebeba kilo nne kwenye mawe yenye maji, huku unaniandikia kwamba haina mkwaruzo. Kweli haina! Ulikaa mezani kunieleza kwa mkono kuwa kompyuta imevunjika, na kompyuta iko nyuma yako.

Nimeumia, baba. Sitakuficha. Ningekuwa nimekukosea ungesema, ningeirudisha, ningebadilisha. Badala yake umeniacha nifurahi kwa kitu ambacho hakipo, na ungeweza kufa.

Winnie


Mabatini
3 Agosti 2025

Mwanangu Winnie,

Nimeona hukuweka "mwanao" mwishoni. Una haki. Mama yako naye hanisemeshi vizuri tangu umpigie, kwa hiyo nyumba imetulia vya kutosha kuandika ukweli.

Niliitumia. Mara moja. Katikati ya Machi, kwa Bibi Ng'washi, juu kabisa. Alikuwa na mgogoro wa mpaka na jirani yake Abubakary, na watu walikuwa wengi. Saa sita mchana, jua la Mwanza unalijua. Nilichomeka kifaa kwa ile adapta yako, kila nikigeuka ikachomoka, nikapoteza vipimo vya asubuhi nzima, nikarudia. Nilipomaliza nikaifungua mbele yao kwa kidole kimoja, kama ulivyosema. Watu wakashusha pumzi, kama ulivyosema. Halafu hakuna aliyeona mpaka. Ile skrini juani ni kioo cha kujitazamia. Bibi Ng'washi alijiona, akavua kilemba akakifunga upya. Wengine wakasogea nao wajione. Mimi niliona mzee amevaa kofia, jasho linamtoka, na nilichelewa kidogo kumtambua.

Abubakary akasema hawezi kutia sahihi kitu ambacho hajakiona, na alikuwa sahihi. Mashine ikawa ya moto mpaka ikajizima. Siku ya pili nilipanda tena na ile nyeusi, tukamaliza kwa nusu saa. Hii nikaifuta vumbi nikampa mama yako. Usimlaumu kwa kabati. Kwetu kitu kizuri kikishindwa kazi hakitupwi, kinawekwa wageni wakione. Kila anayeingia anaambiwa ni Winnie, na mama yako anakaa wima.

Kwa nini sikukuambia? Sehemu ya kwanza ni rahisi. Wewe ulipanda ghorofa saba na mchele, mara mbili. Mtoto wa namna hiyo unamwambiaje kwamba alichochagua hakifai?

Sehemu ya pili ndiyo nimekaa nayo wiki mbili. Ni ile miaka kumi uliyoandika. Nilikuwa nimeshapanga kuacha kazi mwisho wa Juni, nilianza kukugusia Januari nikaogopa. Nimechoka, Winnie. Neno hilo sijawahi kuliandika, nimelitazama hapa linanishangaza. Nimechoka kupanda, nimechoka kuamua jiwe la nani ni lipi, nimechoka kujifanya nasubiri watu wakusanyike. Lakini barua yako ikaja, na mashine ikaja, nikasema mtoto hamnunulii baba yake mashine ya miaka kumi kama anadhani amemaliza. Nikaona unataka niendelee kusimama. Kwa hiyo nikapanda.

Nisamehe kwa uongo. Ulikuwa wa heshima lakini ulikuwa uongo.

Baba yako


Dubai
10 Agosti 2025

Shikamoo baba yangu.

Nimesoma barua yako kwenye ngazi za dharura, mahali pekee ambapo mtu anaweza kukaa bila kuonekana na kamera. Nililia mpaka nikachelewa kurudi kaunta, wakanikata mapumziko ya kesho.

"Miaka kumi bila wasiwasi" ni maneno tuliyofundishwa wiki ya kwanza ya kazi. Nayasema kila siku kwa watu nisiowajua. Nilikuwa nimechoka usiku ule, yakatoka yenyewe. Sikuyafikiria hata kidogo. Nilikuuzia, baba. Nilisema wewe si mteja, halafu nikakuuzia.

Na nikiri lingine. Ile pana ya plastiki ndiyo iliyokuwa yako. Nilijua. Nimefanya kazi hii miaka minne, najua skrini ipi inaonekana juani. Uzito wake haukuwa kilo nne, ilikuwa mbili tu. Sikukuambia, hata mimi mwenyewe sikutaka kuukumbuka. Nilitaka kitu kimoja kizuri kitoke mikononi mwangu kifike nyumbani. Huku kila kizuri nakishika, nakifuta alama za vidole, nampa mtu mwingine. Nilitaka safari hii iwe sisi.

Halafu kuhusu kusimama. Ulipostaafu ulikaa sebuleni miezi minne bila kuongea. Mama alinipigia analia. Ulipopata kazi hii ya mlimani ulisema mtu akikaa anakufa, na mimi nikaamini. Nilikuwa nanunua usife. Kumbe wewe ulikuwa unapanda ili mimi nisivunjike moyo. Tumefanyiana nini sisi?

Acha kazi, baba. Nakuomba kabisa. Kabidhi mitaa hiyo miwili, umeshapima ya kutosha. Sitaki usimame kwa ajili yangu hata siku moja zaidi. Inatosha.

Mimi niko. Wamenipa mkataba mwingine wa miaka miwili, natakiwa kusaini mwisho wa Septemba. Usijali kuhusu hilo, nitaendelea tu.

Mwanao,
Winnie


Mabatini
31 Agosti 2025

Mwanangu Winnie,

Marahaba. Plasta imetoka Alhamisi. Mkono umekuwa mwembamba na una rangi ya ajabu, lakini unafunga vifungo vya shati. Mama yako ameanza kunisemesha, kwanza kuhusu kuku, sasa kuhusu mambo yote.

Jumatatu nimemkabidhi Nestory kazi. Ni mpima wa kampuni moja ya mjini, mtu makini, ana mashine pana mbaya ya kutazama na magoti mazuri. Nilimpa madaftari, ufunguo wa sanduku la bikoni za mipaka, na orodha ya watu ambao lazima wasainishwe siku hiyohiyo. Tulipanda naye nusu tu. Nikamwambia mimi naishia hapa, akaendelea. Nilikaa nikamwangalia mpaka akapotea kati ya mawe, nikasubiri niumie. Sikuumia. Nilishuka nikalala, nikaamka jua limeshaingia chumbani.

Mama yako ananiambia niache tangu miaka mitatu iliyopita. Nimejiuliza kwa nini sikumsikia yeye, nikakusikia wewe kwa neno moja. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nasimama kwa ajili yako wewe. Mtu kama huyo asipokuambia inatosha, hata wote wengine wakisema husikii.

Sasa tuje kwako. Nina muda siku hizi, kwa hiyo nimezichapisha barua zako nne za mwaka huu nikazisoma kwa mpangilio. Ya Februari inaanza na miguu. Ya Aprili huvihisi vidole. Ya Julai unasoma habari za baba yako aliyeanguka ukiwa umesimama stoo. Ya Agosti unajificha kwenye ngazi ili ukae, na kwa kukaa huko wanakukata mapumziko. Hakuna barua hata moja, mwanangu, uliyoniandikia ukiwa umekaa kwa raha zako. Na mimi nilijibu nini? Nilikwambia uloweke miguu kwenye chumvi.

Nikajiuliza nani amekwambia wewe kwamba inatosha. Si sisi. Sisi kila ulipotuma kitu tulisema asante, tukakiweka mahali pa heshima, tukawaonyesha wageni. Nawe ukisikia asante unajua unatakiwa kusimama tena. Tumekufanyia vilevile ulivyonifanyia, kwa miaka minne, na tulidhani ni upendo. Ulikuwa upendo. Lakini umekuchosha.

Mkataba huo usiusaini. Nimeongea na mama yako, hili tunalisema wote wawili. Hatuhitaji kitu kutoka huko, na wala usitafute cha kuja nacho. Chumba chako kilikuwa na magunia ya mpunga, ameyatoa jana mwenyewe, akafungua dirisha.

Inatosha, Winnie. Njoo nyumbani ukae.

Baba yako